Uvimbe Usiouma

Pale zahanati foleni ilipangwa kwa kelele. Aliyelia aliingia kwanza, aliyeguna akafuata, na aliyekaa kimya akakaa. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo. Ilikuwamo tu, kama harufu ya dawa ya kuoshea sakafu. Ndiyo maana muuguzi kijana, ambaye wenzake walimwita Chapuchapu, alipofungua mlango alimkuta fundi cherehani amebaki peke yake.

"Mwanangu, nimekaa mpaka benchi limenizoea," fundi alisema. "Ni hiki kiuvimbe cha titi. Sista Mkuu alinipa vidonge, nimevimaliza, chenyewe kimekaa kama mpangaji."

"Kinauma, mama?"

"Wala. Kingeuma si ningepiga kelele kama wenzangu?"

Chapuchapu alimwingiza ndani, akakipapasa. Kilikuwa kigumu kama kokwa, na ngozi ya juu yake ilikuwa imebonyea. Alimwomba fundi asubiri, akaenda chumba cha vidonda alikokuwa Sista Mkuu.

"Sista, huyu mama aende hospitali kubwa leo hii."

Sista Mkuu aliendelea kukunja bandeji. "Kisichouma si kibaya. Muongezee vidonge. Kikianza kuuma, tutampa rufaa."

"Na kama ni saratani?"

"We! Shusha sauti!" Bandeji ilimponyoka. "Neno hilo hatulitaji humu. Wewe umekuja juzi. Mimi kila niliyempeleka kule kwa ugonjwa huo, nimeishia kwenda kumzika. Kila mmoja! Leo unataka nimpeleke na huyu akafe?"

Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Hakuwa na roho mbaya Sista Mkuu. Alikuwa na woga, na woga wake ulivaa sare na kuamrisha watu.

"Uliwapeleka wakiwa katika hali gani?" Chapuchapu aliuliza.

"Wamezidiwa. Wanalia."

"Umeona? Tunawasubiri walie, halafu tunailaumu hospitali. Hospitali haiwaui, Sista. Benchi letu ndilo linalowaua."

Chapuchapu alijua ameuma pabaya, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja. Mwishowe Sista Mkuu akaosha mikono, akaenda kwa fundi, akapapasa mwenyewe, taratibu. Kisha akaketi kando yake.

"Mama, tunashuku saratani. Bado hatujui. Kule watachukua kinyama kidogo wakipime. Kama ndiyo, kuiwahi ndiko kutakusaidia."

Fundi alikaza fundo la khanga yake. Akajikaza. "Kumbe ndilo mlilokuwa mnanong'ona? Nilidhani mnanisengenya. Haya, niandikieni hiyo rufaa, na muandike vizuri. Miandiko yenu kama kuku kapita."

Siku hiyohiyo akaenda.

Ilikuwa saratani, tena changa. Miezi ilipita, matibabu yakamnyoa nywele, kisha akatokea mlangoni na kilemba chekundu, nguo kajishonea mwenyewe. "Nimepunguza titi," alitangaza, "maneno yapo palepale!" Chapuchapu alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Sista Mkuu hakucheka. Alimshika fundi mikono yote miwili, kwa muda mrefu, kisha akatoka kwenda kwenye benchi, ambako mwanamume mmoja alikuwa akililia jino.

"Hebu nyamazeni! Nani hapa ana uvimbe usiouma? Aingie kwanza."

Mwisho wa benchi, mkono ukanyanyuka polepole.

"Sista, na jino langu je?"

"Jino lako linajua kujisemea, baba. Subiri."