Samaki Tisa wa Darcy

Mimi ndiye ninayelisha samaki kwenye maabara ya chuo hapa Townsville, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kitu kimoja sikivumilii: mtu kusema samaki wangu waliugua wakati hawakuugua.

Darcy Whelan, mtafiti kijana wa hapa maabara, alikuwa akichunguza kama maji yakipata joto, samaki wadogo wa matumbawe wanaacha kuogopa harufu ya chewa anayewala. Mkataba wake ulikuwa unaisha Juni. Profesa wake alishamwambia wazi: makala ya utafiti huo ikiingia kwenye jarida kubwa, anapata miaka mitatu mingine, isipoingia, afungashe. Niliisoma makala hiyo wakati wa chai, maana umbea wangu hauna dawa, nikafika palipoandikwa kwamba samaki tisa waliondolewa kwenye hesabu kwa ugonjwa.

Ugonjwa gani tena? Nikachukua daftari la lishe. Samaki mgonjwa hagusi chakula, na hao tisa walikuwa wamemaliza chakula kila asubuhi, tiki baada ya tiki, kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilikasirika, lakini zaidi nilitaka kujua. Nikamfuata Darcy kwenye matangi, nikamwonyesha daftari. Hakubisha. Alisema hao tisa waliikimbia harufu kama kawaida hata kwenye maji ya joto, na wakihesabiwa, habari yote inapwaya na jarida kubwa haliitaki. Sasa jarida lilikuwa limeomba kumbukumbu za ugonjwa. Akaniomba niandike neno moja tu, "mgonjwa", pembeni ya kila mmoja.

Nikampa kalamu. "Andika wewe, mwanangu. Kwa mwandiko wako."

Alikaa na kalamu ile, akifunua kurasa. Nilimwonea huruma, sifichi. Halafu kidole chake kikasimama.

"Glenys, hawa wote tisa waliletwa siku moja?"

Nikachungulia. Kweli. Siku moja, kutoka miamba ya upande wa pili wa kisiwa tunakowavua samaki, ambako maji huchemka kila kiangazi. Mimi mwenyewe niliandika, na sikuwahi kuliona hilo.

"Sasa kwa nini wao hawaachi kuogopa?" akauliza, na kalamu akaisahau mezani.

Aliwarudisha wote tisa kwenye makala. Jarida kubwa likaikataa kwa barua ya mistari minne. Juni akafungasha, akaenda Perth kufundisha sekondari. Jarida dogo liliichapa Septemba. Sijui kama watu ishirini wameisoma.

Jumapili iliyopita alinipigia simu. Habari za profesa hakuuliza. Aliuliza kama wale tisa bado wanakimbia.

"Wanakimbia," nikamwambia. "Ila hapa hakuna tena anayeuliza kwa nini."