Matusi Yaliyoanikwa Pamoja na Dagaa

Kila alasiri, Rahabu akiwa anageuza dagaa waliotandazwa kwenye mchanga wa Ujiji, bintiye Elida alifika kutoka shule na kumkabidhi mkoba. Mkoba ulikuwa umelowa chini. Rahabu aliukung'uta juu ya neti kuukuu, matusi ya siku ile yakadondoka: membamba, ya kung'aa, dagaa watupu, ila hayana macho. Akayaanika kando kidogo, mbali na mali ya tajiri wake.

"Ya leo mengi."

"Ya kawaida, Mama."

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wavuke ziwa kutoka mji wa Baraka, ng'ambo, wakikimbia vita. Mtumbwi ulipojaa maji, Kasongo, baba yake Elida, aliyainua juu madaftari ya mtoto yakiwa ndani ya nailoni. Madaftari yalifika Kigoma makavu. Kasongo hakufika. Ndiyo maana kila Elida alipouliza, "Nikiacha shule je?", Rahabu aligeuka kufukuza kunguru.

Kuanika kulimfundisha mengi. "Mkimbizi" lilikauka upesi, maana limetumika sana, halina nyama. "Nyani wa Gombe wakikuona wanapanda juu, wanajua sufuria yenu imekuja" lilikuwa nene, la Shadya wa dawati la mbele, msichana mwenye kipaji chake. Hilo lilitaka jua la kutwa. Yakikauka yalikuwa mepesi, na Elida alipata usingizi.

Siku moja likatoka lisilokauka. Rahabu aligeuza upande huu, akageuza ule, wapi.

"Hili la nani?"

"La Mwalimu Leonardi. Nilikwenda kushtaki. Akasema wananitania tu, nizoee."

Kesho yake Rahabu alijifunga kitenge cha kutokea, akalipeleka shuleni likiwa ndani ya jani la mgomba.

"Shikamoo, Mwalimu. Hili lako halikauki."

Mwalimu alilitazama, akalitambua. Alikuwa na darasa lililofurika hadi madirishani, na macho ya mtu anayelala kwenye kiti. "Mama, utani ni mila yetu huku. Unatuunganisha."

"Hata kwetu upo. Mtani anakutania, unamjibu, na siku ya msiba wako ndiye anayeshika jembe la kaburi na kukuchekesha machozi yakikutoka. Tulipomlilia baba yake Elida, mkeka tulikaa wawili tu. Na mwanangu alipomjibu Shadya, alichapwa. Sasa utani gani huo wa upande mmoja?"

"Nitalifanyia kazi," alisema Mwalimu.

Neno hilo nalo likaanguka kwenye jani, bichi, likalala kando ya mwenzake. Rahabu akafunga jani, akaaga.

Wiki ile mvua ilishuka bila hodi. Wanawake walikomba dagaa mchangani kwa mafagio na mabeseni, kila mmoja akiokoa kilicho mbele yake, na matusi makavu yakaingia gunia moja na dagaa. Mama Shadya akanunua humo humo. Baada ya siku chache alirudi na kikapu.

"Shoga, wale dagaa wako wana ladha. Shadya kala na ugali mpaka kakwangua sufuria. Ni wa wapi?"

"Si wote dagaa, Mama Shadya. Mengine ni maneno yake mwenyewe, anamtupia mwanangu shuleni."

Mama Shadya alifikiri, akinusa kiganja. "Watoto bwana. Ndiyo maana hayakutaka chumvi. Basi niwekee mengine."

Shadya akanawiri. Sauti yake ikajaa kifua, na matusi yake ya darasani yakazidi unene.

Alasiri moja Elida alifika mkoba ukiwa umeachia mshono.

"Nikiacha shule je, Mama?"

Rahabu aliangalia juu. Siku hiyo hapakuwa na kunguru hata mmoja.

"Lete mkoba," alisema.

Akachukua sindano ya kushonea neti, akaziba pale palipoachia, kisha akaongeza kipande cha kitenge chini ili mkoba uchukue zaidi. Alipomaliza akaenda kuyageuza yale mawili ya Mwalimu. Yalikuwa bado yanadondosha maji.