Mlango wa Bafu Niliojipimia

Mume wangu alivunjika nyonga, na daktari akatuambia atarudi nyumbani akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Binti yetu mkubwa akaweka sharti: "Mama, kama hawezi kuingia bafuni, baba namchukua, atakaa kwangu."

Mimi nilale peke yangu kwenye kitanda kile kipana, uzeeni huu? Nikamwambia bafu litatengenezwa, na bajeti nitapanga mwenyewe.

Nikamwita fundi. Alipotoa futi yake mfukoni nikamzuia.

"Irudishe hiyo. Nyumba hii mnene kuliko wote ni mimi. Nikipita mimi, kila kitu kinapita."

"Bibi, kiti kina magurudumu pembeni."

"Na mimi nina nini pembeni?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikapita mlangoni mbele yake, kifua mbele, kanga nimeikaza. Nikapita vizuri kabisa, ila pumzi niliibana kidogo. Basi kazi ya kupanua mlango nikaifuta kwenye hesabu, nikajiona mchumi wa kuitwa serikalini. Pesa ile ikaenda kwenye marumaru ya rangi ya maziwa, yenye ua dogo la bluu kwenye pembe na jani moja limejikunja. Fundi akabomoa kizingiti akaweka mteremko, akafunga bomba la kushikia karibu na choo. Marumaru angepanga kesho yake.

Jioni binti akaleta kiti tujaribu. Nikakaa mimi, yeye akasukuma. Kikagonga fremu huku na huku. Akarudi nyuma, akaja kwa kasi zaidi. Nusura vidole vyangu visagike.

"Mama, ulipima kweli?"

"Nilipima."

"Kwa futi?"

Nikaanza kukung'uta vumbi kwenye kanga, vumbi ambalo halikuwapo.

"Haya. Naenda kumwandalia baba chumba," akasema, na hakuwa anatania.

Nikamsihi anisubiri mpaka Jumamosi. Kesho yake asubuhi na mapema nilikuwa dukani, maboksi yangu ya marumaru kwenye mkokoteni. Muuzaji akanitazama.

"Mama, juzi ulikuwa unayapapasa haya marumaru kama mtoto mchanga. Leo umeyachoka?"

"Tumeachana. Nipe changu niende."

Alikata pesa kidogo ya usumbufu wake. Iliyobaki ikatosha kubomoa ukuta na kununua fremu pana. Mlango wenyewe haikuufikia, nikatundika pazia.

Jumamosi mzee akaletwa. Binti alisukuma kiti taratibu, na kikaingia bafuni bila kugusa popote. Akakagua kila kona mpaka darini akitafuta kasoro. Akaitazama sakafu ya saruji tupu, akalitazama pazia, akanitazama mimi. Akaguna. Kisha akatoka kwenda kushusha mfuko wa nguo za baba yake garini.

Nikabaki nje ya bafu.

"Mama watoto!" mzee akaita kutoka ndani. "Pazia linapepea, watu wananiona!"

"Watu gani? Nipo mimi tu."

"Basi geuka!"

"Miaka yote hii, una kipya gani cha kuficha?"

"Geuka, nimesema!"

Nikageuka. Nikalishika pazia kwa mikono miwili, huku na huku, nikasimama pale kama bawabu mpaka alipomaliza.