Kitabu Kilichokwenda Bomani

Mama Yunis alikuwa na ugonjwa mmoja ambao kijiji kizima kiliujua: hakuweza kumwona mtu amekaa bure bila kumtia kitabu mkononi. Ulikwenda kwake kuomba moto, ukarudi na moto na kitabu. Ulikwenda kumpa pole ya homa, ukarudi na kitabu, tena umeshaambiwa uanzie sura ya tatu kwa sababu mbili za mwanzo mwandishi alikuwa bado anakohoa. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, binti wa katekista wa Kianglikana, na alifundisha shule za misheni kule milimani tangu enzi za Mwingereza mpaka alipostaafu. Mwaka sabini na nne, watu waliposhushwa kutoka milimani na kupangiwa viwanja kando ya barabara ya Msowero, naye alishuka na kitanda, kuku wanne na ugonjwa wake ule ule.

Kwa hiyo kijiji kipya kilipoletewa kabati la vitabu, hakuna aliyeuliza nani atalishika. Vilikuwa vitabu themanini na vinne, kila kimoja na namba yake mgongoni, pamoja na daftari la waazimaji. Kabati liliwekwa chumba cha nyuma cha duka la ushirika, kati ya magunia ya chumvi na madebe ya mafuta ya taa, na haukupita mwezi vitabu vyote vikanuka mafuta hayo. Ukiazima, ni siku kumi na nne, halafu urudishe. Mama Yunis alikuwa mtu wa misheni. Sheria kwake ilikuwa sheria.

Alichokipenda kuliko vyote ni namba thelathini na saba, kitabu chembamba chenye jalada la kijani, kiitwacho Mwashi wa Nyumba Mbili. Ni habari za fundi aliyehamishiwa nyumba mpya kabla hajaizoea habari ya kuiacha ya zamani, akawa hajui alale wapi. Mama Yunis alikipendea ugomvi wa fundi yule na mama mkwe wake katika sura ya sita. Alikuwa ameusoma mara saba, na mara zote saba alicheka mpaka akashika mbavu.

Mwezi wa tatu alimpa Lekishon kitabu hicho. Lekishon alikuwa mfugaji wa miaka thelathini na kitu, mwenye boma upande wa pili wa shamba la mkonge lililoachwa, na alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima kwa Mama Yunis miaka miwili bila kukosa, labda siku za kuchanja ng'ombe tu. Alisoma polepole, kidole kikitangulia, lakini alisoma.

"Chukua hiki," Mama Yunis alimwambia. "Ndicho kizuri kuliko vyote. Nakupa wewe kwa sababu nataka kujua utakionaje."

Lekishon alikipokea kwa mikono miwili. Kuanzia siku ile akaacha kumwita mwalimu, akawa anamwita Pabuku. Mama Yunis alidhani ni heshima fulani ya kwao, au utani, akaitikia tu.

Siku kumi na nne zikapita, ukapita mwezi, ikapita miezi mitatu. Kitabu namba thelathini na saba hakionekani.

Ndipo ikaja barua ya Bwana Thadeo, mkaguzi wa maktaba za vijiji. Atafika kutoka Kilosa Alhamisi ya juma lijalo kuhesabu vitabu. Makabati ni machache kuliko vijiji, aliandika, na kijiji kitakachopoteza hata kitabu kimoja kabati lake litahamishiwa Mikumi, ambako watu wamelisubiri mwaka wa pili sasa. Mama Yunis aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akaisoma tena amekaa. Watu wazima ishirini na sita walikuwa ndio kwanza wamejua kusoma mikononi mwake. Wakikosa cha kusoma, masika moja tu herufi zote zitakuwa zimewatoka. Aliogopa, na hakuona haya kujiambia kwamba anaogopa.

"Mama, hicho kimeshavutwa," alisema Cleopa, mwenyekiti wa kijiji, alipoulizwa. "Wale wanasokotea tumbaku."

Mama Yunis alimkasirikia, hasa kwa kuwa wazo lile lilikuwa limeshampitia yeye mwenyewe. Lakini kilichomtoa nyumbani Jumamosi asubuhi si hofu ya Bwana Thadeo peke yake. Kulikuwa na swali lililomwasha. Kwa wenzetu wafugaji nyumba hujengwa na wanawake. Sasa mwanamume wa kule ana shughuli gani na habari za fundi mwashi kwa miezi mitatu?

Alipita katikati ya mkonge uliogeuka pori, akatokea bomani. Namunyak, mke wa Lekishon, alikuwa anakandika ukuta wa nyumba kwa samadi, mikono imemjaa mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuulizia kile kitabu cha fundi."

Namunyak akacheka. "Yule fundi? Yule ana matatizo. Mwanamume mzima anabeba funguo mbili." Akaubandika ukuta donge jingine. "Lakini mama mkwe wake ni mkali, eh?"

"Mmefika kwa mama mkwe?"

"Tumemsikia anapiga hodi tu. Mume wangu hunisomea nikikamua. Ukurasa mmoja, ng'ombe watatu."

Lekishon akaja kutoka kunywesha, akatoa shikamoo yake, akamwekea mgeni kigoda. Hakuwa na dalili yoyote ya mtu aliyekosa.

"Pabuku, kitabu kipo salama. Kipo kwa rafiki yangu Saning'o, ng'ambo ya mto Msowero. Mwezi huu ni wa kwake, mwezi ujao kinarudi hapa."

"Nani amempa Saning'o?"

"Mimi. Wewe ulinipa mimi, mimi nikampa naye akamue kidogo."

Mama Yunis aliuliza, akauliza tena, maana kwa kuuliza hakuwa na mpinzani, na taratibu mambo yakamfungukia. Kwa watu wa Lekishon, mtu akikupa ng'ombe kwa moyo wake, majina yenu mnayaweka kando. Mnaanza kuitana kwa kile kilichotolewa. Kama ni ndama, wewe unamwita yeye Paashe, naye anakuita hivyo hivyo, mpaka mmoja azikwe. Na ng'ombe wa namna hiyo humfungi ukamkamua peke yako. Rafiki aliyekaukiwa maziwa unampelekea akamue, halafu anarudi. Aliyemtoa haji kumdai huku ameshika kalenda. Yeye, Lekishon, hakuwahi kupewa kitabu na mtu, wala hakumjua aliyewahi kupewa, kwa hiyo jina ilibidi alitunge mwenyewe: Pabuku.

Mama Yunis alihesabu moyoni. Miaka thelathini ya ualimu amegawa vitabu kama njugu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwita kwa kitabu. Ilimwingia, ikamfurahisha, na papo hapo ikamtia uchungu kwa alilokuwa analijia.

"Mnakionaje?" akauliza, kwanza hilo.

"Ngoja tumalize. Kuna mahali tumebishana sana, mimi na huyu, na Saning'o naye ana neno lake. Tukimaliza tutakuja wote kwako tukueleze."

Hapo angeweza kuaga. Lakini alilifikiria kabati linapakiwa kwenye gari la Mikumi, akawafikiria wanafunzi wake ishirini na sita.

"Lekishon, nakihitaji kabla ya Alhamisi," akasema, na akamweleza habari ya mkaguzi yote.

Lekishon alisikiliza mpaka mwisho. Akatazama ng'ombe wake kidogo. "Sawa, mwalimu," akasema.

Mama Yunis alikuwa ameshafika katikati ya mkonge aliposikia vizuri alichoitwa.

Jumanne asubuhi kitabu kilikuwa mezani kwake, kimefungwa kwenye kitambaa safi. Lekishon alikwenda kukichukua mwenyewe kwa Saning'o, mwendo wa siku nzima, akakileta na kuondoka bila kukaa. Jalada lilinuka moshi na maziwa. Kurasa nyingi zilikuwa na alama ya kidole yenye mafuta, na kati ya ukurasa wa sitini na wa sitini na moja palikuwa na unywele wa mkia wa ng'ombe. Mama Yunis aliuacha pale pale.

Alhamisi Bwana Thadeo alihesabu vitabu themanini na vinne, akahesabu tena kuanzia chini. Aliguna kidogo kwa kile cha kijani, lakini akavisifu sana vile alivyoazima mwenyekiti, jinsi vilivyotunzwa. Mama Yunis alivijua. Viwili kati ya hivyo kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana kwa juu, kama zilivyotoka kiwandani. Kabati likabaki, watu wakapiga makofi, Cleopa akatoa hotuba juu ya umuhimu wa kusoma, na usiku ule Mama Yunis alilala usingizi mzito wa mtu aliyeshinda.

Lekishon hakuususa ukumbi wa kisomo. Hilo ndilo lililomtesa Mama Yunis, maana angesusa angejua la kufanya. Alikuja, akaazima, na siku ya kumi na nne, si ya kumi na tatu wala ya kumi na tano, akarudisha.

"Ulikionaje hiki cha ufugaji wa kuku?"

"Kizuri, mwalimu."

"Na hiki?"

"Kizuri, mwalimu."

Hata kile cha kujaza fomu za posta kilikuwa kizuri.

Mama Yunis akarudi kwenye ukurasa wa sitini na moja, penye ule unywele. Walibishana nini pale? Aliusoma asubuhi, akausoma akisubiri ubwabwa uive. Hapakuwa na kitu. Fundi anaamka kwenye nyumba mpya, anakwenda kwenye ile ya zamani isiyo na mtu, anainama, anaifagia, anakaa kizingitini, anakwenda kazini. Basi. Ni ukurasa ambao miaka yote aliuruka ili afike haraka kwa mama mkwe. Na sasa ulimkaa rohoni kuliko ugomvi wote wa sura ya sita, kwa sababu watu watatu waliujua na yeye, mwenye kitabu, hakuujua.

Mwezi wa nane alifungua daftari, na kwa mwandiko wake ule wa ubaoni akaandika mbele ya namba thelathini na saba: kimepotea. Hakuwahi kuandika uongo kwenye daftari lolote, na alijua vizuri kwamba Bwana Thadeo akirudi mwakani, mstari ule mmoja unatosha kulipeleka kabati Mikumi. Akakitia kitabu kwenye mkoba, akashika njia ya mkonge.

Lekishon alikuwa anasuka kamba nje ya zizi.

"Nimekuletea," Mama Yunis alisema. "Mara ile nilikupa na huku nimekuazima, nikachanganya mambo. Leo nakupa. Hakina siku."

Lekishon alikitazama kitabu, hakukigusa. Uso wake haukuwa na hasira, na bora ungekuwa nayo.

"Ng'ombe huyo nilikwishamrudisha, mwalimu. Nilimtoa kwa Saning'o nikamwambia mwenyewe anamtaka. Nitamwambia nini sasa? Kirudishe kabatini. Nikikitaka nitakuja kuazima, kama wengine."

Akaendelea na kamba yake. Mama Yunis alisimama na kitabu mkononi, mzee mzima, machozi yakimlenga, hajui aondoke vipi.

Namunyak akatoka ndani, akijifuta mikono.

"Ninyi mtajuana," alisema. "Mimi nataka kujua yule fundi alilala nyumba ipi. Miezi miwili nasubiri." Akaketi chini kivulini mwa ukuta alioukandika mwenyewe. "Tuanzie pale anapofagia."

"Hapo ndipo mlipobishana?"

"Hapo. Mume wangu alisema mwanamume hawezi kufagia nyumba aliyohama, mwandishi amedanganya. Saning'o akasema amerogwa. Mimi nikasema ni kweli." Namunyak akashusha sauti. "Tulipoambiwa tuhame kule Rudewa, nyumba yangu niliiacha imesimama. Nikienda huko kukata fito huwa naingia, nafagia, ndipo narudi. Sijamwambia mtu. Sasa huyu aliyeandika alijuaje?"

Kule milimani Mama Yunis alikuwa na nyumba ya matofali yenye mlango wa mninga, na tangu siku ya kushuka hakuwahi kurudi hata kuitazama. Alikaa chini karibu na Namunyak, akafungua penye unywele, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma vizuri, kama alivyosoma mbele za watu maisha yake yote, na kwa mazoea ya miaka mingi macho yakaanza kukimbilia hodi ya mama mkwe.

"Umeruka," alisema Lekishon.

Alikuwa bado amewapa mgongo, kamba magotini, mikono imesimama.

"Rudi pale alipoinama. Kuna mistari minne umeiruka."

Mama Yunis akarudi juu ya ukurasa, akaweka kidole, akasoma polepole.