Mbwa Mweupe Kwenye Mizani

Garth Pomeroy alipokuja kuomba ruhusa, Maite Urrutia alikuwa amepiga magoti kwenye theluji akimkata kwato kondoo aliyekuwa akichechemea, na hakusimama.

"Za asubuhi, Maite."

"Nzuri mpaka sasa."

Garth alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka sana, mwenye duka la matairi mjini, na kila Januari ndiye aliyeandaa mashindano ya kuwinda koyote, wale mbwa-mwitu wadogo wa nyikani. Watu walitoka wawili wawili kwenye pikapu zao, wakazunguka wilaya nzima Jumamosi na Jumapili, na waliorudi na mizoga mingi kuliko wengine walipewa bunduki mpya.

"Mwaka huu tunalitaka bonde lako," alisema. "Watu wanasema koyote wamejaa huko kama sungura."

"Wapo wawili tu. Dume na jike lake, wanakaa kule kwenye majabali. Wanakula panya na sungura, kondoo wangu hawawagusi, na koyote mgeni akipita wanamfukuza. Ukiniulia hao wawili, kesho nitaletewa kundi nisilolijua."

"Mfugaji wa kondoo anatetea koyote! Unajua watu watasema nini?"

"Wameshasema. Kwamba nimezeeka, kwamba nimepata akili za watu wa mjini wanaolala na paka kitandani. Jibu ni hapana, Garth."

"Koyote hana mwenyewe, Maite. Hapa Wyoming anapigwa mwaka mzima. Hana msimu, wala kumpiga hakuhitaji leseni."

"Yeye hana mwenyewe. Ardhi anayoikanyaga inaye. Sheria hiyo hiyo unayonisomea inasema uombe kwanza. Umeomba, umejibiwa." Akamwachia yule kondoo, akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali. "Na barabarani usipige. Hiyo nayo imo."

Si kwamba Maite aliogopa bunduki. Alikua nazo kama wengine wanavyokua na majembe. Moja ilikaa nyuma ya mlango wa jikoni kwa ajili ya nyoka, nyingine ilining'inia kwenye kioo cha nyuma cha pikapu yake, na hakuna aliyezishangaa, maana kila nyumba wilayani ilikuwa hivyo hivyo. Baba yake, Mbaski kutoka kaskazini mwa Uhispania aliyeletwa Marekani na kazi ya kuchunga kondoo za watu mpaka akapata zake, alimfundisha kulenga shabaha kabla hajamfundisha kuendesha gari. Mzee yule hakuwa na maneno mengi. Usielekeze mdomo wa bunduki kwa kitu usichotaka kife. Usiguse kifyatulio mpaka ujue kwa hakika unachokiona. Na ujue kilichoko nyuma yake. Maite ameua koyote wengi maishani mwake, na kila mmoja alikuwa na damu ya kondoo mdomoni.

Jumamosi ya mashindano kulikucha na ukungu. Maite alikuwa akiwamwagia kondoo majani makavu aliposikia mlio upande wa barabarani, halafu wa pili, halafu gari likiondoka kwa kasi. Aliacha uma wa majani pale pale, akapanda pikapu.

Kondoo walikuwa wamejibana kwenye kona ya uzio, wanatetemeka. Karibu nao, ndani ya seng'enge, alikuwa amelala Beltza. Jina lile kwa lugha ya Wabaski maana yake ni mweusi, nalo lilikuwa mzaha wa Maite mwenyewe, maana mbwa yule alikuwa mweupe tangu puani mpaka mkiani, mkubwa kama ndama, na tangu akiwa mtoto hajalala mbali na kondoo. Risasi ilikuwa imeingia nyuma ya bega. Maite alimwekea mkono kichwani na kuuacha pale mpaka akahisi joto linaanza kupungua chini ya kiganja chake. Hakulia. Aliruka uzio, akatembea barabarani taratibu akiangalia chini, akaona maganda mawili ya risasi yaking'aa kati ya alama za matairi. Hakuyagusa. Alipiga simu.

Aliyekuja ni Twyla Osgood, askari wa wilaya, msichana aliyekulia nyumba ya jirani na aliyezoea kumwita shangazi.

"Umemwona nani, shangazi?"

"Sikumwona mtu. Nimeona maganda hayo. Yako katikati ya barabara ya serikali, na mbwa wangu yuko ndani ya uzio wangu. Unataka nini zaidi?"

Twyla aliyaokota kwa glavu. "Kupiga risasi ukiwa barabarani ni kosa, hata kama ungepiga kopo tupu. Hilo halina ubishi. Lakini leo kila gari wilayani lina bunduki ndani, na kila bunduki ina risasi za aina hii. Nikiwauliza, wote watasema hawakupita huku." Akakohoa kidogo. "Na bosi wangu kila mwaka anapiga picha na washindi. Unaelewa. Niache nifanye kazi yangu."

"Ifanye. Na mimi nina yangu."

"Shangazi. Usije ukafanya jambo."

"Nitafanya," alisema Maite. "Lakini bunduki sitaibeba, kwa hiyo lala salama."

Na kweli hakuibeba. Jumapili alasiri aliiondoa kwenye pikapu, akaifungia ndani, ili asitokee mtu baadaye wa kusema kwamba alikwenda kutisha watu. Kisha akampakia Beltza nyuma, bila kumfunika, akaendesha mpaka mjini.

Uwanja wa duka la matairi ulikuwa umejaa. Mizoga ya koyote ilikuwa imelazwa safu safu kwenye theluji, rangi ya majani makavu. Watu walishika bia na vikombe vya mchuzi wa maharage na nyama, watoto wakikimbizana katikati ya magari. Mbele kabisa ilining'inia mizani yenye ndoana, na pembeni yake, juu ya meza, bunduki ya zawadi. Maite alirudisha pikapu kinyumenyume mpaka karibu na meza. Akamvuta Beltza, akambeba mabegani kama wabebavyo kondoo mgonjwa, akatembea naye huku magoti yakimkata, na hakuna aliyemsaidia wala aliyemzuia. Aliipitisha ndoana kwenye ukanda wa shingo wa yule mbwa. Sindano ya mizani ikaruka.

"Mpimeni," alisema. "Anawazidi wote walioko hapa. Aliyempiga ajitokeze achukue zawadi yake."

Muziki ulikuwa unatoka kwenye gari fulani, mtu akauzima.

Garth alikuja haraka, bila kicheko. "Maite, mteremshe. Hapa kuna watoto."

"Si mmewaleta kuona wanyama waliokufa? Basi waone."

"Mbwa anazurura hovyo wakati wa msako, unategemea nini?" alisema mtu mmoja kutoka nyuma.

"Nani huyo anayesemea mgongoni mwa wenzake? Njoo mbele nikuone. Alikuwa ndani ya uzio wangu, yuko kazini, wakati wewe bado unakoroma."

Baadhi wakacheka, halafu wakajuta kucheka.

"Sikiliza," alisema Garth, sasa kwa sauti ya kusikika na wote. "Nasikitika kwa mbwa wako, sote tunasikitika. Lakini usije hapa kutufanya majambazi. Bonde lile tulipewa ruhusa. Beñat alituruhusu."

Beñat alikuwa mdogo wake Maite, tumbo moja. Fungu lake la ranchi alimuuzia dada yake miaka mingi nyuma, akahamia mjini, na sasa alikuwa akifunga matairi kwa Garth. Alisimama karibu na mlango wa duka, kikombe mkononi, na watu wote waligeuka kumtazama.

"Ni kweli?" Maite alimuuliza.

"Dada, ile pia ni ardhi ya baba yangu."

"Ilikuwa. Ukaniuzia, ukanunua boti, na hapa hakuna hata ziwa. Huwezi kumkaribisha mtu kwenye nyumba uliyoiuza, Beñat. Na hata ungekuwa na haki hiyo, nani alikupa barabara? Nayo ya baba?"

Beñat alikitazama kikombe. Uso ulikuwa umemwiva, na si kwa baridi. Maite aliujua uso ule tangu utotoni, akamngojea.

"Mimi ndiye niliyekuwa naendesha," alisema hatimaye.

"Beñat," alisema Garth.

"Kulikuwa na ukungu. Tukaona kitu kinakimbia karibu na kondoo. Nilimwambia asubiri, nilimwambia dada yangu ana mbwa. Akashusha kioo akapiga kutoka ndani ya gari. Mara mbili. Halafu akaniambia niondoe gari, nikaondoa." Akavuta pumzi. "Niliondoa, dada. Nilijua ni Beltza, na bado niliondoa."

"Funga mdomo wako!" Garth alifoka. "Wewe unakula kwangu!"

"Basi nimeshiba," alisema Beñat, akaweka kikombe chini.

Garth alimgeukia Maite. "Ilikuwa bahati mbaya. Ukungu, mwanamke! Mtu yeyote angekosea."

"Bahati mbaya ni kuteleza kwenye barafu," Maite alimjibu. "Wewe ulipiga kitu usichokiona, kutoka mahali pasiporuhusiwa, kwenye ardhi uliyokatazwa, halafu ukakimbia. Nina bunduki umri wangu wote na sijapata bahati mbaya ya namna hiyo hata moja. Mnakaa mnalia kwamba watu wa mijini wanataka kutunyang'anya bunduki zetu. Nao wakitaka sababu, watahitaji nini zaidi ya wewe?"

Kwenye lango la uwanja alikuwa amesimama Twyla, mikono kwenye mifuko ya koti, na ilionekana alikuwapo muda.

"Bwana Pomeroy," alisema kwa upole, "twende tukaongee kwenye gari langu. Beñat, wewe usiende mbali."

Maite alimteremsha mbwa wake mwenyewe. Safari hii mwanamke mmoja mzee, ambaye mumewe alikuwa mmoja wa washindani, aliweka bia yake chini akashika miguu ya nyuma.

Baadaye Garth alitozwa faini na kunyimwa haki ya kuwinda kwa muda. Beñat naye aliadhibiwa, adhabu ndogo, na kazi ikaota mbawa. Lakini kabla ya hayo, Jumatatu ile ile asubuhi, Beñat alifika ranchini, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Ardhi imeganda," alisema Maite. "Sururu iko bandani."

Alichimba kutwa nzima. Maite hakumpelekea kahawa. Ilipokaribia jioni akatoka, akalitazama shimo, akasema, "Ongeza kidogo, wasije wakamfukua," akarudi ndani. Msamaha wenyewe haukutamkwa, si siku ile wala baadaye, ila kondoo walipoanza kuzaa Beñat alikuwapo, mikono imejaa damu na maziwa, na hakuna aliyemwambia aondoke.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Maite akiingia mkahawani mazungumzo yalikufa. Duka la matairi likagoma kumhudumia, ikabidi aende mji wa pili, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi. Asubuhi moja alikuta koyote aliyekufa amefungwa kwa waya kwenye lango lake. Alimtazama vizuri: si dume la majabalini wala jike lake. Akakata waya, akamtupa nyuma ya pikapu, na mahali pale pale akapigilia kibao alichokiandika kwa rangi nyekundu: ULIZA KWANZA. JIBU NI HAPANA.

Majira ya kuchipua koyote mmoja kijana alianza kuvizia wana-kondoo. Alichukua mmoja, akarudi kuchukua wa pili. Maite alimngoja alfajiri kwenye mteremko, akamwacha atoke wazi, akahakikisha nyuma yake ni udongo mtupu, akampiga mara moja. Habari ilifika mjini kabla yake.

"Kumbe unawaua!" alimtania muuza chakula cha mifugo, kwa sauti ya kuwafurahisha waliokuwa foleni. "Nasi tulidhani umeokoka."

"Nimempiga mmoja, kwenye ardhi yangu, na kwa kosa lake. Wewe umempiga wako kwa kosa gani?"

Muuzaji alikuna kidevu. "Nataka magunia mangapi?"

"Unataka wewe au nataka mimi?"

Hapo hata waliokuwa foleni walicheka, na kicheko hicho hakikuwa kibaya.

Januari iliyofuata mashindano yalifanyika kama kawaida. Maite alikuwa ameshajua yatafanyika. Kulipokucha alikwenda langoni na pikapu yake, akaigeuza ikatazama barabara, bunduki ikirudi mahali pake kwenye kioo cha nyuma, chupa ya kahawa kati ya mapaja, na mtoto wa mbwa mweupe kwenye kiti cha pembeni akitafuna glavu yake. Magari ya wawindaji yalipita moja moja, polepole, kwa mwendo wa sheria. Kule mkipishana barabarani mnasalimiana kwa kunyanyua kidole kimoja juu ya usukani. Kila gari lilipofika Maite alinyanyua chake. Wengi walipita wakitazama mbele kama hawakumwona. Hakujali, lilipokuja lingine alinyanyua tena, akilitazama mpaka lipotee mlimani.