Miguu ya Wingu

Siku uliyotutoka, ziwa lilikuwa limetulia kama shuka iliyopigwa pasi, na mbali, upande wa machweo, nguzo nyeusi ilisimama juu ya maji, kama moshi wa moto ambao hakuna aliyeuwasha.

Gaudiosa, mke wangu, wewe ndiye uliyeiona kwanza. Ulikuwa unageuza usipa, dagaa wa ziwa hili, kwenye kichanja, mikono yako inameta magamba. Uliinua kichwa, ukatabasamu, ukaingia ndani kuchukua ungo.

Mimi nimezaliwa Mbinga, juu kwenye kahawa. Huko ngurumo ya kwanza ikisikika, jembe huachwa shambani na watu huingia ndani. Nikakuambia lile ni wingu. Ukacheka, ukawageukia wanawake wenzako ili nao wacheke.

"Baba Rosa, mtu wa milimani wewe. Hilo si wingu. Hiyo ni mboga."

Hiyo ni mboga. Na kweli, mara ngapi ilikuwa mboga. Wadudu wadogo wa ziwa, nkungu, huinuka majini wengi kuliko mchanga, wakasokotana angani, upepo ukawaleta ufukweni. Nanyi mlikuwa mkikimbia kuwapokea, mkizungusha nyungo hewani, mkicheza bila ngoma. Jioni uliwaponda, ukawakanda, ukawakaanga. Mara ya kwanza nilikula nimefumba macho, kisha nikaomba tena.

Basi mlikimbia. Ufuko wa Kihagara ulikuwa mweupe, wazi, hakuna kilichosimama juu yake isipokuwa ninyi. Upepo ukageuka, ukawa baridi. Ngurumo ikasikika mara moja, mbali. Mkasema bado iko ng'ambo, Malawi. Tone la mvua lilikuwa halijaanguka. Ungo wako ulikuwa juu, umeinuliwa kama wa mtu anayepokea.

Wenzako walianguka, wakaamka. Wewe ulianguka.

Msibani maneno yalianza kutambaa kutoka mkeka hadi mkeka. Radi imetumwa, walinong'ona, na jina la jirani likaanza kutajwa. Mama yako, Mama Tereza, aliinua uso.

"Haikutumwa. Ilikuja kwa miguu yake, na sote tuliiona."

Minong'ono ikakoma. Jirani yule alibaki amekaa, akalia nasi.

Kwa miguu yake. Tangu siku hiyo naangalia miguu. Nguzo ya nkungu haina miguu: inaning'inia, inayumba, inapitisha mwanga, na ndege wanaifuata. Nguzo ya mvua imekanyaga maji, imekanyaga kwa uzito, na nyuma yake ng'ambo haionekani. Tena nkungu hawangurumi. Jambo dogo hili, jepesi kama unyoya, ndilo lililotupita siku ile. Nkungu hawangurumi, Gaudiosa.

Nilimwambia Rosa, binti yetu. Nikamwambia Mama Tereza, naye akawaambia wanawake baada ya misa: ukisikia ngurumo, ujue radi inaweza kukufikia. Toka majini, toka mchangani, usijifiche chini ya mti. Ingia ndani ya nyumba, ufunge mlango, hata kama mboga inapita.

Hata kama mboga inapita. Najua ungecheka. Ningetoa msimu mzima wa kahawa nisikie unavyocheka, unaniita mtu wa milimani mbele ya watu.

Jana nguzo ilisimama tena upande wa machweo, nyeusi, kama moshi ule ule. Wanawake walitoka milangoni, nyungo mikononi, wakatazama, si kule juu inakochanua, bali chini, inapokutana na maji. Ilikuwa na miguu. Hakuna aliyecheka. Ufuko ukabaki mtupu, usipa ukalowa kwenye vichanja, na mwanga ukapasuka juu ya mchanga usio na mtu.

Siku hizi nyungo hazitoki nje mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.