Gari Lililofutwa

Kwa miaka thelathini na moja Devendra aliuza swichi, nyaya na taa katika duka lake la Mtaa wa Livingstone, Kariakoo, na kwa muda wote huo hakuna aliyewahi kumpiga. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na watu wa Kariakoo, ambako kupigwa maana yake ni kuuziwa uongo kwa bei ya ukweli, walimwacha aseme. Aliwahi kurudi mara nne kwa muuza feni kwa ajili ya feni moja. Mara ya nne yule mtu alimwachia kwa bei yake ili apate nafasi ya kwenda kula. Devendra aliuhesabu huo kuwa ushindi.

Kwa hiyo dalali mmoja aitwaye Khalfani alipomletea gari la rangi ya fedha, pana, lenye viti vya ngozi, kwa nusu ya bei ya magari mengine ya aina yake, Devendra hakuuliza gari lina nini. Aliuliza mwenye nalo ana nini. Khalfani hakumficha. Alisema gari lilipata ajali, kampuni ya bima ikaona kulitengeneza ni gharama kubwa kuliko kumlipa mwenyewe, ikamlipa, ikalifuta na kuuza mabaki. Fundi mmoja hodari akayanunua yale mabaki na kuyarudisha kuwa gari.

"Bosi wangu, wale ni watu wa ofisini," alisema Khalfani. "Wao gari wanaiona kwenye karatasi. Mimi na wewe tunaiona kwa macho."

Maneno hayo yalimkaa Devendra vizuri. Kampuni nzima, yenye jengo na lifti, ilikuwa imetupa mali, na wa kuiokota alikuwa yeye.

Usiku huo, mezani kwao Mchafukoge, alimsimulia binti yake Charmi kama mtu aliyerudi na kombe. Charmi alifanya kazi kwenye kampuni nyingine ya bima, dawati la madai, na kila siku alipitisha mikononi picha za magari yaliyogongwa. Aliweka kijiko chini.

"Siyo kila gari lililofutwa ni baya, Baba," alisema. "Jingine linafutwa kwa sababu taa zake na milango yake ni ghali tu. Jingine limevunjika kiuno. Likishapakwa rangi huwezi kuyatofautisha. Waombe picha za siku ya ajali."

Devendra alimjibu kwamba yeye ananunua gari, hanunui picha. Charmi akamshauri basi alipeleke Buguruni kwa Mwinyimvua, fundi aliyewatengenezea magari tangu yeye yuko shule ya msingi. Mwinyimvua alitaka elfu thelathini kulipandisha na kulikagua. Devendra aliona ni wazimu kumlipa mtu elfu thelathini ili akukatishe tamaa. Kesho yake akalinunua.

Harshida, mkewe, alilibariki kwa desturi yao. Alichora alama nyekundu kwenye boneti, akavunja nazi, akaweka ndimu nne, moja mbele ya kila tairi. Devendra akasogeza gari mbele. Ndimu tatu zilipasuka. Ya nne, ya tairi la nyuma kulia, ilichomoka pembeni ikabingiria hadi mtaroni ikiwa nzima. Harshida aliitazama kwa muda mrefu. Devendra alisema ndimu za siku hizi ni ngumu.

Gari lilipenda kushoto. Ili liende moja kwa moja ilibidi usukani ushikwe kama unakata kona kwenda kulia, na hata hapo lilikwenda ubavuubavu, kama kaa, hivi kwamba waliokuwa nyuma yake Mtaa wa Msimbazi hawakujua anaelekea wapi. Devendra aliwaeleza watu kwamba barabara za Dar zimeinamishwa makusudi ili maji ya mvua yapite. Matairi yaliisha kwa wiki sita. Akasema ni joto. Mvua zilipoanza, zulia likanuka kama kisima kilichosahauliwa. Akasema ngozi halisi ndivyo inavyonuka. Kila tatizo lilikuwa na maelezo, na baada ya muda alikuwa analieleza gari lake zaidi ya anavyouza swichi.

Alipokwenda kukata bima kubwa, dada wa kaunta alimsomea fomu, akafika mahali pa kuuliza kama gari limewahi kufutwa.

"Kila asubuhi," alijibu Devendra. "Kwa kitambaa cha pamba."

Dada hakucheka. Aliingiza namba za gari kwenye kompyuta, akasoma, kisha akamwambia kwa upole kwamba wanaweza kumpa bima ndogo tu, ile inayomlipa mtu utakayemgonga. Hasara yako utajijua mwenyewe. Devendra alirudi Kariakoo akitangaza kwamba ameokoa pesa ya bima kubwa.

Aliyesikiliza maelezo haya yote kwa heshima alikuwa Abdulhadi, muuza mazulia wa duka la jirani. Na kwa kuwa alisikiliza, Devendra alizidi kumsifia. Moyoni alijua kwamba angelala vizuri zaidi kama kungekuwa na mwingine mtaani mwenye gari la namna hiyo. Mwezi wa tatu tangu gari linunuliwe, Abdulhadi alimwagiza Khalfani amtafutie lake. Alitaka mkewe Mauza na wajukuu watatu wapelekwe Tanga kwa nafasi, siyo kubanana kwenye basi. Khalfani akapata la bluu. Walikubaliana kulipana Alhamisi, baada ya sala ya Adhuhuri.

Asubuhi ya Alhamisi hiyo, akiegesha mbele ya duka, Devendra aligusa mkokoteni uliobeba marobota ya vitenge. Lilikuwa guso dogo, mwenye mkokoteni hakusimama hata kulalamika. Lakini kifuniko cha katikati ya usukani kilifunguka, na sponji ya njano ikachungulia. Sponji ya godoro. Devendra aliirudisha ndani kwa kidole gumba kabla mtu hajaona. Alijua kilichotakiwa kuwa pale ni mfuko wa hewa, ule unaofumuka kumkinga dereva. Akawasha tena gari, akaenda Buguruni bila kumuaga mtu.

Mwinyimvua alilipandisha, akaingia chini, kisha akamwita. Alimwonyesha mstari wa kuchomelea, mnene kama kovu la mshono.

"Mzee, hii sio gari moja," alisema. "Mbele ya gari nyingine, nyuma ya gari nyingine. Wamezikutanisha hapa, nyuma ya kiti chako."

"Inanyoosheka?"

"Naweza kuinyoosha mpaka ukaipenda. Siku ikigongwa, itafungukia hapo hapo."

Devendra akakaa juu ya tairi kuukuu. Jambo la kwanza lililomjia, na baadaye alilionea aibu, lilikuwa namna ya kumfanya Mwinyimvua anyamaze. La pili lilikuwa rangi mpya na mteja wa mkoani. Wajukuu wa Abdulhadi walikuwa jambo la tatu. Wale huwa wanakaa nyuma. Akatazama saa, akasimamisha bodaboda.

Aliwakuta mbele ya duka la mazulia: Abdulhadi, Khalfani, lile gari la bluu, na wenye maduka watano waliokuja kumpongeza mwenzao. Devendra alijaribu kumvuta Abdulhadi pembeni. Abdulhadi akamwambia aseme tu, hapa wote ni ndugu.

"Nimepigwa," alisema Devendra.

Hawakumsikia, kwa sababu ya spika ya muuza viatu. Akarudia kwa sauti kubwa. Spika ilikuwa imenyamaza wakati huohuo, kwa hiyo mara ya pili mtaa mzima ulisikia.

Akaeleza yote: sponji, kovu, kaa. Abdulhadi alimsikiliza kama siku zote, kisha akamuuliza taratibu kama inamuuma jirani yake naye kupata gari. Khalfani akasema wazee wana wivu. Devendra hakubishana. Alitoa elfu thelathini mfukoni mwake mwenyewe, mbele ya watu, akasema gari la bluu litapandishwa leo na fundi atalipwa na yeye. Khalfani alikubali bila wasiwasi. Kwa kweli hakujua magari yapi ni mazima na yapi mabovu. Hakuwahi kuona faida ya kujua.

Mwinyimvua alichukua saa nzima. Akadai picha za ajali. Khalfani akapiga simu mbili, picha zikaja. Taa zimevunjika, boneti na mlango vimekunjika, chini hakujaguswa. Mifuko ya hewa ilikuwepo yote. Lilikuwa gari zima. Charmi alipotumiwa zile picha alikubaliana na fundi, akaongeza kwamba hata hivyo bima kubwa itasumbua na siku ya kuliuza bei itaanguka, kwa hiyo lipunguzwe bei. Abdulhadi akapunguziwa milioni mbili, akanunua.

Kwa wiki mbili Kariakoo ilicheka. Wateja waliingia kuuliza bei ya swichi wakatoka wakimuuliza Devendra kama na yeye ameshafutwa. Abdulhadi, alipofika Tanga salama, alituma picha ya wajukuu.

Halafu Khalfani akarudi. Alikuwa na mteja wa lile la fedha, mtu wa Dodoma, hana maswali. Devendra aliuliza kama mteja ana watoto. Khalfani alisema atajuaje. Devendra akamwambia haliuzwi.

Aliuza injini, milango, viti na taa, kimoja kimoja, na hakurudisha hata theluthi ya pesa yake. Kiunzi kilichobaki alimlipa Mwinyimvua akikate, na akasimama kuangalia. Msumeno haukufika hata nusu. Mbele na nyuma viliachana vyenyewe.

Akampigia Charmi kazini. Alimuuliza, mtu akitaka kununua gari la namna ile, aombe karatasi zipi. Charmi akamtajia, polepole. Devendra aliandika nyuma ya boksi la swichi, kisha akamwomba arudie ya pili.